Ubugabire

Ubugabire ulikuwa mfumo wa kukabidhiana ng'ombe kati ya bwana na mtu wake katika Buha, nchi ya Waha kwenye nyanda za juu za Kigoma, Tanzania, hasa maeneo ya Kasulu na Kibondo.

Utaratibu. Mwenye mifugo, mara nyingi wa tabaka tawala la Watutsi, alimkabidhi mkulima wa Kiha ng'ombe amtunze. Mkulima alipata maziwa, pamoja na samadi ya kurutubisha migomba. Naye alilipa kwa kumlimia bwana, kumpelekea pombe na kumtii. Ng'ombe alibaki mali ya bwana, aliyeweza kumchukua tena. Hapo ndipo uonevu ulipopenya: aliyenung'unika alihatarisha maziwa ya watoto wake.

Utawala. Juu kabisa alikuwa mwami, mtawala wa milki kama Heru (Kasulu) au Muhambwe (Kibondo). Chini yake walikuwa watware, yaani machifu wadogo. Kuanzia 1926 Waingereza waliwatumia watawala hao kuendesha mabaraza na kukusanya kodi, na pengo kati ya watawala na wakulima likazidi kupanuka. Kwa kutafuta fedha ya kodi, vijana wengi wa Kiha walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, mbali na kwao.

Kukoma kwa utawala huo. Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru, alikuwa miongoni mwa watawala wa mwisho. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu, hatua ya haki iliyomwondolea mkulima mtawala wa kurithi.