Kuonja Kabla ya Kununua

Masokoni kuna desturi ya zamani ambayo kila mtu aijua. Muuza maembe hukata kipande akampa mnunuzi aonje; muuza asali humtilia tone kiganjani; muuza nguo humwachia mteja aishike, aipime na kuigeuzageuza. Aonjaye akipendezwa hununua. Asipopendezwa huenda zake kwa amani, wala hapana asemaye kuwa ameiba. Katika zama zetu imezuka bidhaa isiyoshikika wala kulambika, nayo ni mchezo wa kompyuta. Vijana wengi katika nchi nyingi huchukua nakala ya mchezo bila ya ruhusa na bila ya malipo, kisha hujitetea kwa desturi ile ile ya sokoni. Husema, “Naonja tu, ukinipendeza nitaununua.” Je, utetezi huu ni wa haki? Swali hili lina umri wa miaka hamsini hivi, na yafaa kusoma habari zake kabla ya kutoa hukumu.

Ugomvi ulianza kabla michezo ya kompyuta haijawa biashara kubwa. Mwaka 1975 kampuni ya MITS, katika mji wa Albuquerque nchini Marekani, ilikuwa ikiuza kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800. Kompyuta ile ilikuwa kama ngoma bila ya mpigaji, maana haikuweza kufanya kazi ya manufaa bila ya programu. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakishirikiana na mwenzao Monte Davidoff, waliiandikia programu iliyoitwa BASIC. Programu hiyo ilihifadhiwa katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Mwaka huo huo utepe mmoja ulichukuliwa katika maonyesho huko California, ukanakiliwa, na nakala zake zikagawanywa bure miongoni mwa wapenzi wa kompyuta.

Tarehe 3 Februari 1976 Gates, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi hao. Alilalamika kuwa wenye Altair walioinunua BASIC hawakufika asilimia 10. Alisema kuwa muda wa kompyuta uliotumika katika kazi yao ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000, na kuwa malipo waliyopata yalifanya saa moja ya jasho lao kuwa na thamani ya chini ya dola 2. Aliuliza ni nani awezaye kufanya kazi ya ustadi bila ya ujira. Barua yake iliwaudhi wengi, maana iliwaita wezi watu waliojiona kuwa ni marafiki wanaogawana maarifa. Baadhi yao walijibu kuwa bei ilikuwa kubwa mno.

Tangu siku hiyo pande mbili zimesimama zikitazamana. Upande mmoja husema kuwa kunakili si sawa na kuiba. Mwizi wa embe humwacha muuzaji bila ya embe, bali mwenye kunakili humwacha mtungaji na mali yake ile ile, haikupungua hata chembe. Upande wa pili hujibu kuwa kinachouzwa si utepe wala diski, ila kazi iliyomo ndani yake. Aichukuaye kazi bila ya kuilipa ni kama mtu aliyelimiwa shamba akakataa kumlipa mkulima, kwa hoja kwamba jembe la mkulima halikupotea. Hoja zote mbili zina nguvu, na ndiyo sababu maneno matupu hayakuumaliza ugomvi huu. Waliokaribia kuumaliza ni wale waliotafuta njia ya tatu.

Njia hiyo ilionekana mwaka 1982. Huko Marekani Andrew Fluegelman na Jim Knopf, kila mmoja kwa upande wake, waliziachia programu walizozitunga zinakiliwe na mtu yeyote, wakaomba tu kwamba atakayeona kuwa zinamfaa awapelekee malipo. Watu wengi hawakulipa. Lakini waliolipa walitosha kuonyesha kuwa uaminifu waweza kuwa mtaji wa biashara. Tarehe 10 Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Texas iliutoa mchezo wa Doom kwa mfano huo. Mchezo ulikuwa na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure, na kila mtu aliruhusiwa kuinakili na kumpa mwenziwe; aliyetaka sehemu mbili zilizobaki alipaswa kuzinunua. Mchezo ukaenea haraka mno, na watungaji wake wakatajirika. Hapa twaona desturi ya muuza maembe ikiingia katika biashara ya kompyuta: mwenye mali ndiye aliyekata kipande, na mwenye mali ndiye aliyempa mteja aonje.

Habari za Poland zina funzo la namna nyingine. Nchi hiyo ilitoka katika utawala wa Kikomunisti mwaka 1989, na kwa miaka michache baada ya hapo haikuwa na sheria iliyolinda programu za kompyuta. Katika masoko ya wazi ya Warsaw nakala za michezo ziliuzwa mchana, mbele ya kila mtu. Michezo halisi ilikuwa adimu, na bei yake haikulingana na mishahara ya wananchi. Marcin Iwiński na Michał Kiciński, vijana waliosoma shule moja, waliikulia biashara hiyo ya masoko. Sheria mpya ya hakimiliki ilipopitishwa mwaka 1994, wakaanzisha kampuni ya CD Projekt, wakaanza kuingiza michezo halisi na kuiuza kwa haki.

Walijua kuwa adui yao mkubwa alikuwa nakala ya wizi, yenye bei rahisi na iliyokwisha zoeleka. Hawakutegemea polisi peke yao. Mwaka 1999 walipoutoa mchezo wa Baldur's Gate kwa lugha ya Kipolandi, waliajiri waigizaji mashuhuri wa nchi yao wausemee, na ndani ya sanduku wakatia ramani, kitabu cha kanuni na sahani ya muziki. Mnunuzi alipewa kitu ambacho mwenye kunakili hakuweza kumpa. Watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa ni maharamia walipanga mistari kununua, ikadhihirika kuwa wengi wao hawakuzaliwa wezi. Walikuwa wamefungiwa mlango, wakaingia kwa dirisha; mlango ulipofunguliwa, wengi walipita mlangoni.

Hata hivyo, haifai kuyasimulia hayo kana kwamba wema hushinda kila siku. Mwaka 2011 kampuni hiyo hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa ikitunga michezo yake yenyewe, iliutoa mchezo wa The Witcher 2. Ilikadiria kuwa mchezo huo ulinakiliwa bila ya ruhusa mara milioni 4.5, ilhali nakala zilizouzwa zilizidi milioni 1 kwa kiasi kidogo tu. Mawakili wake wakaanza kuwapelekea barua watu wa Ujerumani, wakiwadai fidia. Baadhi ya waliopata barua hizo walisema kuwa hawakutenda kosa lolote, na malalamiko yakaongezeka. Mnamo Januari 2012 kampuni iliacha kupeleka barua hizo, ikasema kuwa haitaki kuwapoteza wateja waaminifu. Kwa hiyo dhuluma yaweza kutoka pande zote mbili: kwa anayechukua bila ya kulipa, na kwa anayedai kwa pupa akamtia asiye na hatia katika kundi la wenye hatia.

Kisa kingine kilitukia Australia mwaka 2013. Ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, walitunga Game Dev Tycoon, ambao ndani yake mchezaji huongoza kampuni ya kutunga michezo. Siku ya kuutoa, wao wenyewe waliweka katika intaneti nakala ya bure iliyojifanya kuwa ya wizi. Nakala hiyo ilifanana na ile halisi, isipokuwa kwa jambo moja. Mchezaji alipoendelea sana, kampuni yake ya ndoto ilianza kufilisika, kwa sababu watu wa ndani ya mchezo walikuwa wakiiba michezo yake badala ya kuinunua. Mwisho wa siku ya kwanza wachezaji 214 walikuwa na nakala halisi, na 3,104 walikuwa na nakala ile ya bure. Baadhi ya hao wa pili walionekana wakiuliza kwa uchungu jinsi ya kuwazuia wezi wasiwafilisi. Walilia kwa kidonda walichokuwa wakimtia mwingine, wala hawakukitambua.

Wanaotetea uonjaji nao wana ushahidi wao, na insha yenye insafu haina budi kuutaja. Tume ya Ulaya iliagiza uchunguzi juu ya madhara ya kunakili bila ya ruhusa. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Ecorys ya Uholanzi, ikamalizika mwaka 2015, na ikajulikana kwa watu wote mwaka 2017. Wachunguzi hawakupata ushahidi imara kuwa kunakili hupunguza mauzo kwa jumla, isipokuwa katika filamu mpya zilizo mashuhuri. Kwa upande wa michezo, hesabu zao zilielekea hata kuonyesha kuwa wanaonakili huongeza ununuzi, ingawa hesabu hizo zilikuwa na nafasi kubwa ya makosa. Basi yamkini wapo waonjaji wa kweli, wanaonakili leo na kununua kesho.

Lakini uchunguzi huo wajibu swali moja tu, nalo ni swali la hasara. Swali la haki ni jingine. Mtu akipanda baiskeli ya jirani yake usiku bila ya kumwomba, akairudisha asubuhi ikiwa nzima, jirani hakupata hasara. Hata hivyo hapana jirani atakayemsifu. Kilichovunjwa ni idhini. Mezani pa muuza maembe, kipande hukatwa na mwenye tenga. Mnunuzi akijikatia mwenyewe, akala embe zima, kisha akasema, “Nalionja tu,” soko zima litamcheka. Na katika mchezo wa kompyuta tofauti ya kuonja na kula ni nyembamba sana, kwa maana aliyeucheza mchezo mpaka mwisho hana tena sababu kubwa ya kuununua. Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Asemaye, “Nitanunua baadaye,” amejiandikia deni mbele ya dhamiri yake peke yake, na deni lisilo na shahidi husahaulika upesi.

Zamani udhuru wa kuonja ulikuwa na uzito, kwa sababu mnunuzi aliuziwa kitu kilichofungwa, na alipokifungua hakukubaliwa kukirudisha. Udhuru huo umepungua nguvu. Mwezi wa Juni mwaka 2015 kampuni ya Valve, yenye duka kubwa la michezo liitwalo Steam, iliweka kanuni kwamba mnunuzi aweza kurudishiwa fedha zake akizidai kabla ya siku 14 kupita, iwapo hakuucheza mchezo kwa muda wa saa 2. Hii ni haki ya kuonja iliyoandikwa. Ipo pia michezo yenye sehemu za majaribio zitolewazo bure, na ipo inayopunguzwa bei baada ya muda. Bado liko tatizo la bei, ambalo Wapolandi walilionja kabla yetu, kwani bei iliyo ndogo kwa kijana wa Marekani yaweza kuwa matumizi ya mwezi kwa kijana wa Kisumu. Lakini mchezo si chakula wala si dawa. Aukosaye hafi, na aungojaye hapungukiwi utu.

Jambo hili si la wageni peke yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, pamoja na riwaya, tamthilia na mashairi. Mbele ya sheria, basi, mtunga programu na mtunga kitabu hukaa katika nyumba moja. Na watungaji wamekwisha patikana kwetu: Wesley Kirinya, Mkenya, alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha mwaka 2009 kampuni ya Leti Arts, inayotunga michezo yenye mashujaa wa Kiafrika. Kampuni kubwa za ng'ambo zaweza kuvumilia nakala milioni za wizi zikaendelea kuishi. Mtungaji mchanga wa Nairobi au Mombasa, ambaye wateja wake wa kwanza ni jirani zake, hawezi.

Hukumu, basi, yaweza kutolewa bila ya kelele. Kuonja ni haki ya mnunuzi, na muuzaji anayeuza kitu kilichofungwa bila ya kukubali kirudishwe humdhulumu. Lakini kuonja ni zawadi ya mwenye mali, wala si ushuru anaotozwa. Pale mwenye mali alipofungua mlango, kama ilivyokuwa mwaka 1993 na mwaka 2015, kuingia kwa dirisha hakuna udhuru. Na pale mlango ulipofungwa, dawa ni kuugonga: kudai bei ya haki, kudai majaribio, na kudai haki ya kurudisha. Kijana anayetaka siku moja kuishi kwa kazi ya akili yake na aanze leo kuiheshimu kazi ya akili ya mwenziwe, maana desturi atakayoijenga sasa ndiyo atakayoikuta sokoni siku atakapopeleka tenga lake mwenyewe.