Bagamoyo: Pwani ya Samaki na ya Machozi



Juma hili tunapenda kuwashirikisha kumbukumbu za mji wa wavuvi tulioufahamu tukiwa waseminari, yaani Bagamoyo. Sisi tuliokulia bara, tuliozoea samaki wakavu wa mnadani, tulistaajabia pwani ile. Alfajiri ngalawa zilirejea, samaki wakamwagwa mchangani, dalali akanadi, na akina mama wakaanza kukaanga. Wavuvi waliipima siku kwa maji kupwa na maji kujaa, na mwaka kwa pepo za kaskazi na kusi. Pepo zilipochafuka, walibaki nchi kavu wakishona nyavu na kukalafati vyombo vyao.

Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyetukumbusha kwamba mchanga ule haukupokea samaki peke yao. Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora na Ugogo, si mbali sana na nchi yetu ya Singida. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua hapo pembe za ndovu. Wengine walifika wakiwa watumwa, wakavushwa kwa majahazi hadi Unguja. Upepo uleule uliomleta mvuvi nyumbani ulimpeleka mtumwa mbali na kwao.

Mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo, wakawakomboa watumwa, wengi wao watoto, na kuwajengea makazi. Tufani ya mwaka 1872 iliyabomoa majengo yao, nao wakajenga upya. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1891 makao makuu ya utawala wa Wajerumani yalihamia Dar es Salaam. Ukuu ukaondoka, wavuvi wakabaki.

Ndugu wapendwa, ni rahisi kusema kwamba hayo ni mambo ya watu wa pwani. Lakini waliofikishwa pale wamefungwa minyororo walitoka bara; walikuwa na mama na majina. Tena, tusifiche ukweli, mara nyingi waliowakamata na kuwauza walikuwa watu wa bara wenzao. Historia hii haituachii nafasi ya kunyoosha kidole upande mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Waulizeni wazee wangali hai: je, katika ukoo wenu yupo aliyekwenda pwani asirudi? Kama jina lake lingalipo, liandikeni, mtuletee, tulitaje katika Misa ya Marehemu wote mwezi Novemba. Na kama jina limepotea, tutamwombea hivyohivyo, kwa maana Mungu hajamsahau.

Tuwaombee pia wavuvi wote, wa baharini na wa Ziwa Kitangiri letu, warudi salama.

Mungu awabariki.
Paroko wenu, Nduguti