Sababu za Kupungua kwa Enzi ya Unguja

Zamani Jibondo na Mafia yote ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Enzi ile ilipunguaje? Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombana: Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 Barghash naye alimwasi Majid, na Waingereza ndio waliomsaidia Majid kumshinda. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza katika Bara Hindi, akaamua enzi igawanyike, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Tangu hapo neno la mwisho likawa la mgeni. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walimwachia Sultani visiwa na pwani ya upana wa maili kumi tu. Mwaka 1890 Mafia ikawa ya Wadachi. Mizinga ya Ulaya ilikuwa na nguvu kweli, lakini ndugu ndio waliofungua mlango. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.