Silabasi: Neno Lililozaliwa na Kosa



Walimu wetu huitaja silabasi kila siku, ingawa Kiswahili kina neno lake zuri, muhtasari. Neno hilo la Kiingereza lilitokana na kosa la maandishi.

Mwaka 56 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alimwandikia rafiki yake Atticus akiomba watumishi wawili wa kusaidia kupanga maktaba yake. Waje na kipande cha ngozi, alisema, cha kutengenezea vibandiko vya majina ya vitabu, ambavyo Wagiriki waliviita «sittybas». Neno hilo lilikuwa geni. Katika baadhi ya matoleo yaliyochapwa karne ya 15 likasomeka «syllabos». Wasomi hawakulishuku, walilitafutia hata asili, wakalihusisha na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukusanya pamoja. Basi likawa na maana ya orodha, na katika karne ya 17 likaingia katika Kiingereza.

Sisi Wakatoliki tunalo la kutabasamu hapa. Tarehe 8 Desemba 1864 Papa Pio IX alitoa, pamoja na waraka wake Quanta Cura, orodha ya hoja 80 alizozilaani. Jina lake ni Syllabus, yaani Orodha ya Makosa. Uzito wa hoja zenyewe haukupungua kwa sababu hiyo.

Matoleo ya kisasa ya barua za Cicero yamekwisha kurudisha «sittybas» mahali pake.