Udi Katika Nyimbo za Uskoti

Mwaka 1966 kundi la Incredible String Band la Uskoti lilitoa santuri yake ya kwanza, kisha wanamuziki wake watatu wakatawanyika. Robin Williamson alikwenda Moroko, akarejea na ala za huko, mojawapo gimbri, ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi. Yeye na Mike Heron wakaziingiza katika nyimbo zao. Na katika santuri ya *The Hangman's Beautiful Daughter* ya mwaka 1968 twasikia hata udi, ala ile ile ya taarabu ya pwani.

Wazo lao lilikuwa kwamba wimbo wa jadi waweza kupokea sauti za ugenini, na lahani yaweza kugeuka katikati ya wimbo. Lakini tukumbuke kwamba Williamson alikwisha kuziimba nyimbo za jadi za Uskoti katika klabu za Edinburgh kabla ya kuanza kuchanganya.

Sisi walimu mara nyingi humkatiza mwanafunzi aliyechanganya shairi na wimbo wa kwao, tukaandika "kosa". Asiyeijua mizani na afundishwe. Aliyeijua, kisha akaivunja kwa kusudi, yatupasa tumsikilize kwanza hadi mwisho.