Ndinga za Kitajiri: Waliopiga Hela na Waliobaki Wanalia

Septemba 2019, karibu na Geneva kule Uswisi, ndinga kama 25 ziliingizwa mnadani kwa mpigo. Zote zilichukuliwa na waendesha mashtaka wa huko kutoka kwa kigogo mmoja wa serikali ya nchi moja ya ukanda wa Afrika ya Kati, jina kapuni. Iliyotoa watu udenda ni Lamborghini Veneno Roadster nyeupe, moja kati ya 9 tu zilizotengenezwa, ikiwa imetembea kilomita 325 basi. Ilipokuwa mpya bei yake ilizidi euro milioni 3. Nyundo ilipogonga, ikaondoka kwa takriban dola milioni 8.3. Yaani gari limenyang'anywa, limekaa, na bei imezidi mara mbili!

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ukinunua supakaa umeshatoboa. Waliokuwepo mwaka 1990 wangekucheka.

Kwanza rudi nyuma kidogo. Mwaka 1962 Ferrari walitoa 250 GTO, gari la mashindano, zikatoka 36 tu. Marekani iliuzwa kama dola 18,000. Mashindano yakabadilika, teknolojia ikasonga, GTO ikawa mkoko uliopitwa na wakati kama mikoko mingine. Mmiliki mmoja pale Texas aliamua kuigawa bure kwa shule ya sekondari, wanafunzi wajifunzie ufundi. Mwaka 1972 shule ikaiuza dola 6,500. Hakuna aliyeona ajabu, ndiyo ilikuwa bei yake.

Kilichobadilisha mchezo ni miaka ya mwisho ya 1980. Soko la hisa lilianguka Oktoba 1987 na matajiri wakaanza kutafuta pa kuficha hela. Japani walikuwa wanaogelea kwenye mkwanja, yen imepanda, benki zinakopesha hovyo. Halafu Agosti 1988 mwanzilishi wa Ferrari akafariki akiwa na miaka 90, bei za magari ya farasi yule zikapaa kama hazina akili. F40, iliyotoka 1987, watu walikuwa wanauziana nafasi kwenye foleni kabla hata gari halijatoka kiwandani. Mtu hajui hata kuliendesha, anachojua ni kwamba akilipata leo, kesho analisukuma kwa mwingine na cha juu kinono.

Kwenye joto hilohilo, Oktoba 1988, Jaguar walipeleka XJ220 kwenye maonyesho ya Birmingham. Injini ya V12, magurudumu yote manne yanavuta, umbo kama samaki anayeteleza. Watu wakachanganyikiwa. Mwisho wa 1989 kampuni ikatangaza kwamba gari litatengenezwa, bei pauni 290,000 kabla ya kodi, na kutanguliza pauni 50,000 ili uwekwe kwenye orodha. Nafasi zisizozidi 350. Maombi yalikuwa mengi kuliko magari.

Wengi wao hawakuwa wapenzi wa magari, tuseme ukweli. Walikuwa madalali wenye suti.

Kisha mambo yakageuka. Soko la hisa la Tokyo likaporomoka kuanzia 1990, Uingereza ikaingia kwenye mdororo, wanunuzi wa kusukumiwa wakayeyuka. Gari lenyewe likaja tofauti na lile la maonyesho: V12 imeondolewa, imewekwa V6 yenye turbo mbili, na magurudumu yanayovuta ni ya nyuma tu. Bei nayo ilikuwa imefungwa kwenye mfumuko wa bei, kwa hiyo mwaka 1992 ikafika karibu pauni 470,000. Hebu jiweke kwenye viatu vya mtu aliyesaini mkataba akitegemea kuuza siku ya pili: sasa anadaiwa hela zaidi, kwa gari lisilo na mteja. Wakakimbilia mahakamani, kampuni nayo ikakomaa. Wengine wakalipa hela ili tu waachiwe waende, bila kupata hata funguo.

Hapo gari halikuwa bovu hata kidogo. Lilipita kilomita 340 kwa saa, na kwa muda lilikuwa gari la barabarani lenye kasi kuliko yote duniani. Lakini hayakufika 300, na mwaka 1997 bado kulikuwa na mapya yanayotafuta mtu, kwa chini ya pauni 150,000 pamoja na kodi.

McLaren F1 ilitoka kipindi hichohicho cha njaa. Bei ilizidi pauni 500,000, ikatoka kwa tabu, mwisho zikatengenezwa 106 tu za aina zote. Uchache huo wa bahati mbaya ndio uliokuja kuwatajirisha wenye nazo: Agosti 2021 moja iliyotembea chini ya kilomita 400 iliuzwa California kwa zaidi ya dola milioni 20. Ila hesabu miaka. Aliyeinunua mpya alisubiri zaidi ya miaka 20.

Magari ya kifahari ya kawaida, yale ya bosi kukaa siti ya nyuma, hayana bahati hiyo. Yanatoka kwa maelfu, kila miaka michache linakuja toleo jipya lenye skrini kubwa zaidi, na vipuri havishuki bei pamoja na gari. Bei ya kununua inaanguka, bei ya kutunza inabaki ya tajiri. Bugatti Veyron kubadilisha oili tu imeripotiwa kugharimu zaidi ya dola 20,000. Wakenya hata anguko lenyewe hawalifaidi vizuri, maana sheria yao inakataa kuingiza mtumba uliozidi miaka 8. Yule Mjerumani mwenye umri wa miaka 12, bei chee na taa ya injini inawaka, anabaki kutafuta mteja hukohuko Ulaya.