Warsha za filimbi zawafaa wanafunzi na walimu wao

FILIMBI ya ulalo, tofauti na zumari, haina kipande cha tete mdomoni. Sauti yake hutokea mpulizaji anapoelekeza pumzi kwenye ukingo wa tundu, ambapo mkondo wa hewa hugawanyika. Midomo ikisogea kidogo tu, sauti hupanda au hushuka. Kosa kama hilo halionekani kitabuni. Ndiyo sababu mafunzo ya ala hii hutegemea sana warsha.

Katika warsha, mwanafunzi mmoja hupiga kipande cha muziki mbele ya wenzake na walimu. Mkufunzi humsikiliza, humkatiza na kumtaka arudie sehemu fupi baada ya kurekebisha midomo, pumzi au mkao. Wanaoanza hupewa kichwa cha filimbi pekee, wakapulize hadi sauti itulie kabla ya kufunzwa vidole. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Anayefaidi zaidi ni mwalimu. Mwalimu wa shule aliyesomea piano au uimbaji anaweza kufundisha vidole kwa kufuata mchoro, lakini si pumzi. Akikosea, kosa lake hurithiwa na darasa zima. Hata mwanafunzi hodari wa rekoda hulazimika kujifunza upya, kwani rekoda huelekeza hewa yenyewe, ilhali kwenye filimbi kazi hiyo ni ya midomo.

Mfaransa Marcel Moyse (1889-1984), ambaye kitabu chake cha mazoezi ya sauti, De la Sonorité, kilichapishwa mwaka wa 1934, alifundisha kwa njia hii Ulaya na Marekani hadi uzeeni. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni James Galway na Trevor Wye, ambao nao waliendesha warsha zao. Nchini Marekani, chama cha National Flute Association kilianzishwa mwaka wa 1972, na huwakutanisha wapigaji na walimu katika kongamano la kila mwaka.

Nchini Kenya, Wadigo wa Pwani wana chivoti, filimbi ya ulalo ya mwanzi inayosindikiza ngoma ya sengenya. Pumzi na ukingo wa tundu hufanya kazi ile ile. Hivyo basi, shule isiyomudu filimbi za chuma inaweza kuanza na chivoti, mradi mwalimu wake awe amefunzwa kusikiliza.